Maswali ya wasomaji: stempu za zamani za Kijerumani

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja: stempu za Kijerumani zilizokutwa kwenye masanduku na madaftari ya wazee ni za nini, na zina thamani gani. Tumechagua saba zinazowakilisha nyingine. Kabla ya majibu tunawaomba jambo moja: msibandue, msioshe wala kukata chochote mpaka mmalize kusoma. Stempu nyingi nzuri huharibika nyumbani, siku ileile zinapogunduliwa.

Mhariri, marehemu babu aliacha daftari lenye stempu zenye picha ya meli na maneno Deutsch-Ostafrika. Baadhi zimeandikwa Pesa, baadhi Heller, na moja kubwa imeandikwa 1 Rupie. Zipo kama arobaini. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

Pole kwa msiba, na shukuru kwamba daftari limesalimika. Meli hiyo ni Hohenzollern, meli ya Kaisari wa Ujerumani. Makoloni yote ya Wajerumani yalitumia picha hiyohiyo, kilichobadilika ni jina la koloni na fedha. Kwa hiyo anza na fedha. Rupia ya koloni ilikuwa na pesa 64, baadaye ikagawanywa kuwa heller 100. Stempu za meli zenye Pesa zilitoka mwaka 1901, na zenye Heller zilianza mwaka 1905. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na Mark 20, maana yake Mark moja ni heller 75. Nauli ya barua ya kawaida, Pfennig 10, ikawa heller 7½. Ndiyo maana stempu nyekundu ya 7½ imejaa kila daftari: ndiyo iliyobandikwa kwenye barua za kila siku. Ikiwa imetumika na muhuri wake ni wa Dar es Salaam au Tanga, bei yake ni ndogo.

Hatua ya pili ni alama ya maji, yaani mchoro uliofichwa ndani ya karatasi. Stempu za Heller zilichapwa kwanza kwenye karatasi isiyo na alama, kisha kwenye karatasi yenye alama za msambamba, yaani umbo la almasi. Kwa macho zinafanana kabisa, ila katalogi, yaani vitabu vya orodha na bei za stempu, huzipa namba tofauti na bei tofauti. Katika Michel, katalogi ya Kijerumani inayotegemewa na wauzaji wengi, mpangilio ni huu: namba 1 hadi 5 ni stempu za 1893 zilizopigwa chapa ya pesa juu ya stempu za Ujerumani; 6 hadi 10 ni za 1896, chapa yake imeongezwa jina Deutsch-Ostafrika; 11 hadi 21 ni meli za Pesa na Rupia; 22 hadi 29 ni Heller bila alama ya maji; 30 hadi 39 zina alama.

Kuiona alama, weka stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, udondoshee matone mawili au matatu ya petroli nyepesi ya viberiti vya utambi. Karatasi ikilowa, mistari ya almasi hujitokeza kwa sekunde chache, halafu hukauka bila kudhuru gundi. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, mshumaa na sigara, kwa sababu mvuke wake hushika moto haraka. Usitumie maji kwa kazi hii, na usijaribu njia hii kwenye stempu za miaka ya karibuni bila kuuliza, kwani baadhi ya wino wake huyeyuka.

Ile ya rupia itazame peke yake. Rupia 1, 2 na 3 zilichapwa kwa bamba lililochongwa, hivyo wino wake umeinuka juu ya karatasi. Iinamishe kwenye mwanga wa pembeni, utaona mistari ina kimo. Ukiona wino umelala bapa kama picha ya gazeti, hiyo ni nakala.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka, na hapo ndipo fedha ilipo: muhuri. Posta za bara zilikuwa ndogo, barua zake chache. Stempu ileile ya 7½ yenye muhuri safi wa kituo kidogo inaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya yenye muhuri wa Dar es Salaam. Soma majina kwa tahajia ya wakati ule: Muanza, Udjidji, Kilossa, Mpapua, Moschi, Aruscha, Schirati. Wilhelmsthal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, na Usumbura ndiyo Bujumbura ya leo. Muhuri wenye thamani ni ule unaosomeka jina zima na tarehe. Robo ya duara kwenye kona ya stempu haimsaidii mtu.

Tarehe nayo ina kazi. Waingereza waliiteka Tanga Julai 1916 na Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo. Muhuri wa Kijerumani wa miji hiyo wenye tarehe ya baada ya hapo ni wa kutiliwa shaka.

Mhariri, nina stempu mbili za Ujerumani tupu, hazina neno lolote la Afrika Mashariki, ila muhuri unasomeka LAMU. Je, ni za kweli? Wajerumani hawakutawala Lamu. – Msomaji, Lamu

Hawakuitawala, lakini walikuwa na wakala wa posta hapo kuanzia 1888 hadi 1891, na mwingine Zanzibar kati ya 1890 na 1891. Wakala hao waliuza stempu za kawaida za Ujerumani, kwa hiyo kinachoonyesha kwamba stempu ilitumika mwambao ni muhuri tu. Ikiwa zako ni za kweli, umeshika kitu adimu, na ndiyo sababu wadanganyifu hawaziachi: stempu ya senti chache ikipigwa muhuri wa Lamu hugeuka mali.

Angalia kwanza stempu yenyewe. Wakati huo zilitumika zile zenye tarakimu au tai, zenye neno PFENNIG bila e mwishoni. Zenye PFENNIGE, yenye e, ni za toleo la 1875 lililofuatwa na la mwaka 1880. Kuanzia 1889 zilikuja zenye tarakimu au tai chini ya taji, na neno Reichspost. Ikiwa muhuri wako wa Lamu umekaa juu ya stempu yenye kichwa cha mwanamke, hakuna haja ya kuendelea: picha hiyo ilianza mwaka 1900, miaka tisa baada ya wakala kufungwa.

Kisha tazama muhuri kwa lenzi ya kukuza mara 10. Wino wa zamani umezama kwenye nyuzi za karatasi, na uzito wake hutofautiana kidogo, huku mwingi huku mchache. Muhuri uliochorwa au kuchapwa kwa mashine ya kisasa una kingo zilizosawazika mno, au una nukta nukta. Usijaribu kuusafisha. Zipelekeni zote mbili kwa mkaguzi, tunamwelezea hapa chini.

Kuna pia stempu zenye neno Suahililand na hati ya Kiarabu, zilizotengenezwa kwa ajili ya usultani wa Witu katika siku za Wajerumani wawili, ndugu Clemens na Gustav Denhardt. Hizo hazikuwa za posta ya Ujerumani, na sharti la ukaguzi ni lilelile.

Salaam. Huku nilinunua mnadani boksi la stempu. Moja imeandikwa 50 Milliarden. Je, nimetajirika? – Msomaji, Hamburg

Stempu ya Mark bilioni 50 ni ya miezi ya mwisho ya 1923, fedha ya Ujerumani ilipoporomoka. Nauli ya barua ya kawaida ya ndani ilikuwa Mark milioni 100 tarehe 1 Novemba, bilioni 1 tarehe 5, bilioni 10 tarehe 12, bilioni 20 tarehe 20, bilioni 80 tarehe 26, na bilioni 100 tarehe 1 Desemba. Stempu yako, kwa hiyo, ilikuwa nusu ya nauli ya barua moja ya Desemba. Fedha mpya ilipoingia, Rentenmark moja ilibadilishwa kwa Mark trilioni moja.

Zilichapwa nyingi mno, na nyingi zilibaki bila kutumika. Matokeo yake bei zake ziko kinyume na matarajio ya watu: iliyo mpya kabisa, gundi kamili, haina thamani ya kutaja, na ile iliyotumika kwa haki kwenye barua ya wakati ule ndiyo inayotafutwa. Hapo ndipo udanganyifu ulipokaa. Stempu mpya zilipigwa mihuri ya uongo, au mihuri halisi iliyorudishwa tarehe, kwa maelfu. Bei ya katalogi kwa stempu iliyotumika ya kipindi hiki inahusu tu ile iliyokaguliwa. Isiyokaguliwa ihesabu kama mpya.

Kagua pia kingo. Toleo hili lina stempu zenye meno ya kawaida na nyingine zilizopasuliwa kwa mikato ya msumeno bila matundu. Hizo za mikato hupatikana kwa uchache zaidi zikiwa zimetumika. Ukipata bahasha nzima ambayo jumla ya stempu zake inalingana na nauli ya tarehe iliyo kwenye muhuri, iweke pembeni na usiibandue. Bahasha ya aina hiyo ina thamani kuliko jumla ya stempu zake.

Mhariri, kwenye makaratasi ya familia kuna stempu za Kongo zilizopigwa juu maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yanayotaja Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyingine za Mfalme wa Uingereza zina G.E.A. Ni za Wajerumani au si zao? – Msomaji, Kigoma

Si zao, ni za waliowatoa. Jeshi la Wabelgiji lilipoingia kutoka Kongo mwaka 1916, lilipiga chapa kwenye stempu za Kongo: EST AFRICAIN ALLEMAND OCCUPATION BELGE, na maneno hayo kwa Kiholanzi. Zilitumika Rwanda, Burundi, Kigoma na sehemu za magharibi. Nyingi si ghali. Zenye neno moja tu, RUANDA au URUNDI, ni habari nyingine. Hizo zina bei, na chapa za kughushi ni nyingi, hivyo msinunue bila cheti cha mkaguzi.

G.E.A., kifupi cha German East Africa, ni chapa ya Waingereza ya mwaka 1917 juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda, iliyotumika hadi stempu za twiga za Tanganyika za 1922. Za senti ndogo ni za kawaida. Upande wa kusini utakuta N.F., yaani Nyasaland Force, juu ya stempu za Nyasaland (Malawi ya leo), za jeshi lililopanda kutoka huko.

Kisiwa cha Mafia kina sura yake. Waingereza walikichukua mapema mwaka 1915, wakapiga neno MAFIA kwenye stempu za Kijerumani walizozikuta, na baadaye wakapiga G.R. na maneno mengine kwenye stempu nyingine. Idadi ilikuwa ndogo, bei ni kubwa, na ghushi zake ni nyingi kuliko za kweli. Kanuni moja inasaidia kwa chapa zote hizi: muhuri wa posta lazima ukae juu ya chapa. Stempu ilipigwa chapa kwanza, ikauzwa, ikabandikwa, ndipo ikapigwa muhuri. Ukiona kwa lenzi kwamba wino wa chapa umepita juu ya wino wa muhuri, mtu ameichukua stempu nzee iliyotumika akaipandisha cheo.

Kanuni ya pili: stempu ya chini lazima iwe ile inayostahili. Katika chapa za Wajerumani za 1893, 2 Pesa iko juu ya Pfennig 3 ya kahawia, 3 Pesa juu ya 5 ya kijani, 5 Pesa juu ya 10 nyekundu, 10 Pesa juu ya 20 ya buluu, na 25 Pesa juu ya 50. Mchanganyiko mwingine haukutolewa.

Katika mabaki hayohayo ya vita zimo stempu za Wuga. Mwaka 1916 stempu zilipungua kwa sababu ya mzingiro wa baharini, na kiwanda cha chapa cha misheni ya Wuga, Usambara, kikachapa za heller 2½, 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika meli iliyopenya mzingiro ilileta stempu za Ujerumani, na zile za Wuga zikafukiwa ardhini zisitekwe. Baada ya vita zilifukuliwa na kuuzwa Ujerumani. Unyevu ulikwisha kuzila, ndiyo maana zilizo nzima ni chache na madoa kwenye gundi ni jambo la kawaida. Hazikutumika kwenye posta. Mtu akikuletea ya Wuga yenye muhuri wa posta, mrudishie.

Nina mamia ya stempu zenye kichwa cha mwanamke aliyevaa taji, na nyingine za Hitler. Je, ni za thamani kwa kuwa ni za zamani? – Msomaji, Mombasa

Kwa jumla hapana. Mwanamke huyo ni Germania. Zenye REICHSPOST ni za 1900, zenye DEUTSCHES REICH zilianza 1902 bila alama ya maji, na kuanzia 1905 zikapata alama ya almasi. Za Pfennig 5 na 10 zilizotumika huuzwa kwa mafungu. Zipitie zile za Pfennig 3 zisizo na alama ya maji ukitafuta kosa moja maarufu la bamba, DFUTSCHES badala ya DEUTSCHES. Hiyo inastahili kuwekwa peke yake.

Za Hitler za matumizi ya kila siku, zilizoanza 1941, zilichapwa kwa wingi mkubwa na bado zimejaa. Zile ambazo uso umefutwa kwa wino mweusi mwaka 1945 katika miji ya Ujerumani zina bei katika katalogi, lakini yeyote mwenye wino angeweza kuzitengeneza, na wengi walizitengeneza. Bila cheti zihesabu kama za kawaida.

Kama mamia hayo yana za baada ya vita, tafuta zenye tarumbeta ya posta za Ujerumani Magharibi za 1951 na 1952, kuanzia Pfennig 2 hadi 90, kumi na sita kwa seti. Zilizotumika ni rahisi. Seti mpya ambayo gundi yake haijaguswa ni ghali, ndiyo sababu watu hupaka gundi mpya kwenye stempu zilizooshwa. Gundi iliyopakwa upya mara nyingi hujaa kwenye ncha za meno na kuzifanya ngumu; gundi ya kiwandani huacha nyuzi za ncha zikiwa laini, kwa kuwa matundu yalitobolewa baada ya gundi kukauka.

Mnunuzi amenipa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya ile niliyoiona kwenye katalogi. Ananidhulumu? – Msomaji, Dar es Salaam

Si lazima. Bei ya katalogi ni ya stempu isiyo na kasoro, na kwa stempu za kawaida mfanyabiashara anayezinunua hulipa chini ya robo yake, mara nyingi chini zaidi. Kabla ya kumlaumu hakikisha umesoma safu inayohusu. Michel hutumia nyota mbili kwa stempu mpya yenye gundi isiyoguswa, nyota moja kwa mpya iliyowahi kushikizwa kwa kijikaratasi, nyota ndani ya mabano kwa isiyo na gundi, duara lenye nukta kwa iliyotumika, na picha ya bahasha kwa iliyo juu ya barua. Wengi husoma nyota mbili huku mkononi wana nyota moja.

Halafu hesabu kasoro. Jino moja fupi, mkunjo mdogo unaoonekana tu kwenye petroli, sehemu iliyokwanguka nyuma ikawa nyembamba, doa la kutu: kila moja hupunguza bei, na mbili pamoja zinaweza kuifanya stempu ya kawaida isiuzike. Stempu adimu huvumilia kasoro, ya kawaida haivumilii.

Meno nayo yapimwe. Kipimo ni idadi ya matundu katika sentimita 2. Laza rula kando ya stempu, anza katikati ya tundu, hesabu. Ukikuta upande mmoja umenyooka au una meno yasiyolingana na wa pili, kuna uwezekano kwamba umekatwa au umetobolewa upya.

Kwa stempu ambayo bei yake ya katalogi ni kubwa, tafuta cheti kutoka kwa mkaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Kila mkaguzi ana eneo lake, hivyo mwandikie yule wa makoloni kwa stempu za makoloni, na wa kipindi cha mfumuko wa bei kwa zile za 1923. Mtumie kwanza picha zenye mwanga mzuri, mbele na nyuma, usitume stempu kabla hajakubali. Ukikuta jina dogo la mkaguzi limepigwa nyuma ya stempu, angalia mahali lilipo: iliyo safi hupigwa chini kabisa, na kadiri kasoro zinavyozidi ndivyo jina linavyopanda juu. Majina hayo pia hughushiwa, kwa hiyo linganisha na mfano wa mkaguzi mwenyewe.

Ada ya ukaguzi na usafirishaji hailipi kwa stempu ndogo. Ziuze hizo kwa fungu, peleka chache bora.

Stempu zangu zimegandana kwenye albamu kwa unyevu wa pwani. Nifanyeje? – Msomaji, Pangani

Tenganisha kwanza zilizotumika na mpya. Zilizotumika, ambazo hazina gundi ya kuhifadhi, zilowekeni kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni, dakika 15 hadi 30, mpaka zielee zenyewe. Usivute. Zilizo kwenye bahasha ya rangi nyekundu au zambarau ziloweke peke yake, kwani rangi itatoka na kuzipaka nyingine. Zitoe kwa kibano chenye ncha bapa, zilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe ya kunyonya maji, na zikikaribia kukauka zibanwe chini ya kitabu kizito usiku kucha.

Mpya zilizogandana usizitie majini, utapoteza gundi na pamoja nayo sehemu kubwa ya bei. Weka sahani ndogo yenye kitambaa kibichi ndani ya boksi la plastiki, stempu juu ya wavu zisiguse maji, funika, na uangalie kila baada ya saa moja. Mvuke huilegeza gundi pole pole. Zikifunguka, ziache zikauke zikiangalia chini kwenye karatasi laini isiyoshika gundi. Nyingine hazitafunguka bila madhara, na hizo ni bora ziachwe zilivyo.

Baada ya hapo usizirudishe kwenye albamu ya kurasa za gundi. Tumia vitabu vyenye mifuko ya plastiki isiyo na PVC au bahasha za karatasi laini, simamisha albamu wima kama vitabu kwenye rafu ili kurasa zisibanane, na weka pakiti za silika (chembe zinazonyonya unyevu) zilizokaushwa ndani ya boksi. Fungua albamu siku za kiangazi zipate hewa. Sanduku lililo sakafuni au linalogusa ukuta wa nje ndilo linalokamata unyevu kwanza, liinue.